Kwa Nini Niliambiwa Nisubiri Nje?

Mwezi huu nimepokea barua kutoka kwa baba mmoja wa Buruburu. Nimeifupisha kidogo na kuondoa yale ambayo yangeweza kumtambulisha, lakini uchungu wake nimeuacha kama ulivyo.

“Mpendwa Mshauri, mimi ni mume wa ndoa ya Kanisa kwa miaka 11 sasa, na mke wangu ana mimba ya mtoto wetu wa tatu. Padre wetu na wahudumu wa afya wamekuwa wakituhimiza sisi wanaume tuandamane na wake zetu kliniki, tusiwaachie mzigo huo peke yao. Nikatii. Niliomba ruhusa kazini, nikapoteza malipo ya nusu siku, nikaketi naye kwenye foleni tangu saa moja asubuhi. Zamu yetu ilipofika, muuguzi, binti mdogo kwangu kwa umri, akaniambia mbele ya watu, ‘Baba, wewe subiri nje kwanza.’ Nikasubiri. Tulipofika nyumbani ndipo mke wangu aliponieleza kwamba aliulizwa kama kuna mtu anayempiga, anayemtisha au anayemlazimisha kufanya asichotaka. Mshauri, sijawahi kumwinulia mke wangu mkono hata siku moja. Nilijisikia kama mwizi. Muuguzi ana haki gani ya kuingia kati ya watu wawili ambao Mungu amewaunganisha? Na je, ni sawa nimwulize mke wangu alijibu nini?”

Ndugu yangu, pole. Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa upande wako kabisa. Mwanamume anayeketi kwenye benchi la kliniki kati ya akina mama thelathini, akitazamwa kama mgeni aliyepotea njia, anastahili kupongezwa, si kutolewa nje kama mtoto. Tena namna uliyoambiwa haikuwa nzuri. Muuguzi angeweza kusema kwa utaratibu kwamba kila mama huzungumza naye peke yake kwa dakika chache, kisha baba anaitwa. Maneno hayo hayagharimu chochote.

Lakini niliposoma mara ya pili nilijiuliza swali ambalo ningependa ujiulize pamoja nami. Je, ungetaka muuguzi yule afanyeje? Amtoe nje mume anayepiga peke yake, na wewe akuache ndani? Angewatambuaje?

Hebu tuanze na yale ambayo muuguzi huyaona. Katika jumuiya yetu yupo mama mmoja aliyefanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi hapa Eastlands kabla ya kustaafu. Aliniambia kwamba mwili ni shahidi mgumu kunyamazishwa. Mama anakuja na jeraha usoni, anasema amejigonga mlangoni. Inawezekana, milango ipo. Lakini anayejigonga mlangoni huumia paji la uso au pua. Mikono yake haiwi na alama za bluu upande wa nje, pale ambapo mtu hujikinga anapopigwa. Mwingine anasema alianguka bafuni, lakini ana michubuko ya rangi tatu: mipya myekundu, ya siku chache iliyoiva, na ya zamani inayogeuka manjano. Mtu haanguki bafuni mara tatu kwa wiki mbili. Mwingine analalamika sikio, na ukilichunguza unaona ngoma ya sikio imetoboka, jambo ambalo kofi moja zito linaweza kulifanya. Mwingine sauti imekauka na kumeza ni shida, shingo yake haina alama yoyote, kumbe alikabwa koo usiku. Huyo ndiye wa kuogopewa zaidi, kwa sababu aliyewahi kukabwa na mwenziwe yumo katika hatari ya kuuawa, na anaweza kuzidiwa hata baada ya saa kadhaa ingawa kwa nje haonekani kuumia.

Wako pia wasio na jeraha lolote. Kichwa kinauma kila mwezi, tumbo halieleweki, usingizi hakuna, presha imepanda kwa mama wa miaka 27. Anapewa dawa za kutuliza maumivu, anarudi, anapewa tena. Anakosa siku za kliniki bila sababu. Akija na mume, mume ndiye anayejibu maswali yote, hata lile la siku zake za hedhi. Dalili moja peke yake haithibitishi kitu, na muuguzi anayerukia hukumu kwa kuona alama moja ya bluu anafanya makosa. Lakini zikikusanyika, mhudumu anayezitazama na kuandika tu “maumivu ya mwili” amemtibu mtu nusu.

Na kwa mjamzito mambo yana uzito mara mbili. Teke la tumbo linaweza kubandua kondo la nyuma kabla ya wakati, mama akatokwa na damu nyingi, mtoto akafa kabla hajapewa jina. Sisi Wakatoliki tunasema uhai unalindwa tangu kutungwa mimba. Nimesikia mahubiri mengi mazuri juu ya jambo hilo. Juu ya teke la tumbo nimesikia machache.

Usidhani ninazungumza juu ya watu wa mbali. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 juu ya idadi ya watu na afya, uliofanywa na Serikali ya Kenya, ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipofika umri wa miaka 15, na kwa wale waliowahi kuolewa, anayetajwa zaidi kuwa mtendaji ni mume au mwenzi wa sasa. Ni karibu mwanamke 1 kati ya 3. Hesabu mwenyewe akina mama waliokuwa kwenye foleni siku ile. Wanaume nao hupigwa na wake zao, na aibu huwafunga midomo zaidi. Wao husema walianguka na pikipiki. Yote nitakayosema hapa yawahusu hao pia.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya jambo hili mwaka 2013. Halikusema kila mwanamke anayekuja kung’olewa jino aulizwe habari za nyumbani kwake. Lilisema mhudumu aulize anapoona dalili, na kwamba kliniki ya wajawazito ni mahali ambapo swali hilo laweza kuulizwa, kwa kuwa mama hurudi mara kwa mara na anaweza kufuatiliwa. Liliweka pia sharti la faragha: mama asiulizwe mbele ya mume wala mtu mwingine aliyemsindikiza. Mama mkwe naye hutoka. Hata dada mtu.

Sasa ndugu yangu, hapa ndipo kiini cha swali lako kilipo. Fikiria kwamba wauguzi wangekubali ombi lako, wawatoe nje wanaume wanaoshukiwa tu. Basi kila mume atakayetolewa atajua kwamba ameshukiwa. Benchi zima litajua. Na mume wa aina ile akifika nyumbani, swali lake la kwanza litakuwa, “Umewaambia nini hao?” Swali lake la pili halitaulizwa kwa mdomo. Lakini mlango ukiwa ni wa wote, mwema na mbaya wakitoka sawasawa, hakuna anayesomeka. Mwanamke aliye hatarini anaweza kurudi nyumbani na kusema kweli tupu: “Ni utaratibu wao, hata baba yule wa Buruburu alitolewa.” Zile dakika kumi ulizokaa nje ukiona haya zilikuwa ngao ya mwanamke usiyemjua, labda yule aliyeketi karibu nawe. Wewe ulifikiri umevunjiwa heshima. Mimi naona kwamba uliazimwa heshima hiyo, akasitirika nayo mtu mwingine.

Najua utaniambia kwamba ndoa ina siri zake. Ni kweli, na sipendi mtu anayedharau neno hilo. Tumefundishwa kwamba ya ndani hayatolewi nje, nasi tunaoishi Eastlands tunajua thamani yake kuliko watu wa nyumba zenye bustani. Katika nyumba za zamani za manispaa kule Kaloleni na Jericho, na katika maghorofa ya Pipeline ambako unamsikia jirani akikoroga chai, mume na mke hawana kitu cha faragha isipokuwa kile walichokubaliana kukinyamazia. Mtu akikivamia hicho amewaibia mali yao ya mwisho.

Lakini siri ya ndoa ni mali ya wawili. Wote wawili wanaishika kwa hiari, na kila mmoja anaweza kuiweka wazi kwa mganga, kwa padre au kwa mzazi inapobidi. Inaposhikwa na mmoja kwa ngumi, na mwenzake anainyamazia kwa kuogopa, hiyo haiwi tena siri ya ndoa. Ni kifungo. Na kwa nje vitu hivyo viwili vinafanana kabisa! Mama mwenye furaha anasema “nyumbani salama,” na mama anayepigwa anasema “nyumbani salama.” Njia moja ya kuanza kuvitenganisha ni kumpa kila mmoja nafasi ya kusema bila mtu mwingine kusikia. Akichagua kunyamaza pale, amechagua mwenyewe, na muuguzi lazima aheshimu jambo hilo. Hamlazimishi, hamwiti mwongo, hamwambii aondoke kwa mume wake kesho. Anamwambia tu kwamba mlango uko wazi siku yoyote.

Wapo akina mama wanaokuja kuungama kwamba walimdanganya daktari. Nimesikia wakilizungumza jambo hilo katika semina, wakihangaika kweli kweli. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2489, inatufundisha kwamba hakuna anayelazimika kuufunua ukweli kwa mtu asiye na haki ya kuujua. Mama asijitese, basi, kwa kumficha jirani mdaku. Daktari ni mtu mwingine. Anahitaji ukweli ili atibu, na namba 2491 inamfunga atunze siri za kazi yake. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hata hivyo, mimi siwezi kumpa mzigo wa dhambi mtu aliyesema “nilianguka” huku aliyemwangusha amesimama mlangoni na funguo mkononi. Hofu kubwa hupunguza hatia. Nawauliza zaidi wale waliomweka katika hali ambayo uongo ndio usalama wake.

Katika kundi hilo nami nimo.

Miaka kadhaa iliyopita, mimi na mke wangu tulikuwa wasimamizi wa ndoa ya vijana fulani. Tulisikia minong’ono kwamba hawapatani. Tukafanya kama tulivyozoea: tukaenda Jumapili jioni, tukaketi nao wote wawili sebuleni, tukasali, tukawauliza kwa upendo kama kuna tatizo. Mume akasema ni mambo madogo ya pesa. Mke akatazama chini, akasema ni kweli, ni mambo madogo. Tukawasomea Waefeso sura ya 5, tukanywa chai, tukaondoka tukijipongeza. Siku ya tatu binti yule alilazwa akiwa amevunjika mkono. Tulikwenda kumwona. Hakutulaumu. Alisema tu, “Baba, nyinyi mlitaka niseme akiwa pale.” Hilo neno linanifuata mpaka leo. Yule muuguzi wako, pamoja na ulimi wake mkavu, alijua kitu ambacho sisi wazee wa jumuiya hatukukijua.

Kwa hiyo mapadre, makatekista na wasimamizi, sikilizeni kila mmoja peke yake kwanza. Msiwapatanishe watu wawili mbele ya mmoja wao anayeogopa. Na ninyi wauguzi mnaosoma ukurasa huu, kwa sababu najua mko wengi katika parokia za huku kwetu, msiandike jambo kama hili katika kile kitabu cha kliniki ambacho mama hubeba kwenda nacho nyumbani. Kitabu hicho husomwa mezani. Liandikwe katika faili inayobaki kituoni. Msimtume mtu wa ploti moja na mama huyo awe mkalimani. Na msimwite mume ndani ili “aeleze upande wake.” Kazi ya kumshtaki au kumpatanisha si yenu siku hiyo. Yenu ni kumsikiliza mama bila kumhukumu, kumwuliza anahitaji nini, kumwambia kwamba hakustahili kupigwa, kutazama kama kuna usalama wa kurudi nyumbani usiku huo, na kumwunganisha na msaada.

Msaada wenyewe upo, ingawa hautoshi. Aliyeumizwa atibiwe kwanza. Mtu hahitaji fomu ya P3 ili apate matibabu. P3 hutoka kwa polisi na hujazwa na daktari, na kadiri majeraha yanavyochunguzwa mapema ndivyo maandishi yanavyokuwa na nguvu mahakamani. Aliyelazimishwa kimwili, hata kama ni na mumewe, afike kituoni kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, asisubiri Jumatatu. Hospitali ya Nairobi Women’s ilianzisha kituo cha kuwahudumia waliotendewa ukatili mwaka 2001, na hospitali za umma nazo hupokea watu wa aina hii. Simu 1195 hupigwa bila malipo. Mwaka 2015 nchi yetu ilipata sheria ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani. Sheria hiyo inahesabu si kipigo tu, bali pia vitisho, kunyimwa mali na fedha, na kulazimishwa kimwili ndani ya ndoa, na mahakama inaweza kutoa amri ya kinga.

Mwingine atauliza, je, Kanisa halisemi mke avumilie? Msomaji mmoja aliwahi kuniandikia kwamba alipigwa kwa miaka 9 akijisomea ile sura ya 13 ya barua ya kwanza kwa Wakorintho, tunayoisoma katika arusi. Inaniuma. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1153, inasema wazi kwamba mwenzi akileta hatari kubwa ya roho au mwili kwa mwenzake au kwa watoto, huyo mwingine ana sababu halali ya kutengana naye kwa idhini ya Askofu wa mahali, na kama kuchelewa kuna hatari, hata kwa uamuzi wake mwenyewe. Kutengana huko hakuvunji kifungo cha ndoa. Sababu ikiisha, maisha ya pamoja yarudi, isipokuwa Kanisa likiamua vingine. Papa Fransisko aliandika katika Amoris Laetitia mwaka 2016, namba 241, kwamba nyakati nyingine kutengana ni wajibu wa kimaadili, pale inapobidi kumwondoa mwenzi mnyonge au watoto katika dhuluma. Mke anayelala kwa dadake Kayole kwa sababu ya panga hajaiasi sakramenti. Aliyeshika panga ndiye aulizwe habari za sakramenti. Msamaha una wakati wake, na mtu anaweza kusamehe kwa moyo huku jeraha lake limeandikwa katika faili.

Sasa nirudi kwako, baba wa Buruburu. Ulimaliza kwa kuuliza kama ni sawa umwulize mke wako alijibu nini.

Usimwulize. Najua unayo hakika kwamba alikusifu, na huenda alikusifu. Lakini chumba kile kina maana kwa sababu hakuna anayelazimika kutoa hesabu yake jioni. Ukiuliza leo kwa upole, umeweka desturi ambayo mume mwingine ataifuata kwa ukali. Isitoshe, yeye mwenyewe alikueleza swali aliloulizwa, bila kushurutishwa, mkiwa jikoni au popote mlipokuwa. Mwanamke anayeogopa halitaji swali hilo kwa urahisi mbele ya anayemwogopa. Hapo una jibu la kutosha.

Tarehe ya kliniki ijayo imeandikwa nyuma ya kitabu chake. Omba ruhusa tena kazini, nenda naye, na mkifika mlangoni usingoje kuambiwa. Kaa kwenye benchi. Akiwepo baba mwingine pale, kijana, amekunja uso kama ulivyokunja wewe, msogelee umwambie kwamba wote hutolewa.